Jua la Saba B

Saa tatu asubuhi fundi wa mapazia alikuwa juu ya ngazi ya mbao sebuleni kwa mdogo wake, ghorofa ya saba, nyumba yenye herufi B mlangoni, akichomoa kulabu za pazia moja baada ya nyingine na kuzitia mfukoni mwa aproni. Pazia alilishona mwenyewe, miezi minne nyuma, kwa kitambaa kizito cha kijani kilichokoza. Sasa lilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mboga. Alilishika pindo, akalikunjua, akaona kijani cha awali kimejificha ndani ya mkunjo, akaguna.

"La tatu hili mwaka huu," alisema.

"Jua, dada," mdogo wake alijibu bila kuinua uso kwenye kompyuta. "Ningeweza ningekugawia."

Nyumba ile ilitazama magharibi, na kwa kawaida ya mambo jua lingeingia pale baada ya saa nane mchana. Lakini liliingia tangu alfajiri na halikutoka mpaka giza, siku zote saba za wiki, hata mvua inyeshe, na watu wa jengo walikwisha kulizoea kama walivyoizoea lifti inayokwama. Nyumba nyingine zote za ghorofa kumi na nne zilipata mwangaza tu, kama watu wanavyopata salamu za jumla. Ndiyo maana mlango wa Saba B ulikuwa wazi mchana kutwa. Mama wa Sita B alileta shuka zake Jumatatu na Alhamisi. Wa Tisa A walileta godoro la mtoto. Mzee wa Pili C alileta magoti yake, akayaanika nusu saa kwenye roshani, akashukuru, akaondoka. Meneja wa jengo alikuwa amebandika ratiba ndani ya lifti ili watu wasigombane.

Mama yao alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na meza ya mdogo, mikono imelala mapajani, akimtazama mtoto wake wa mwisho akifanya kazi. Mdogo alikuwa mfasiri wa nyaraka, kazi ya kukaa na kuwaza, na mama aliitazama kazi hiyo kama watu wanavyotazama chungu kisije kikafurika.

"Mwanangu, utaumiza macho," mama alisema. "Pumzika kidogo."

Juu ya ngazi, na kilo sita za kitambaa begani, Fundi aligeuza kichwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangu akiwa na kumi na sita alijua kwamba katika familia ile mwanangu ni yule mwingine. Yeye aliitwa Fundi hata na mama yake. Bado kichwa kiligeuka chenyewe. Akajifanya anatafuta futi ya kupimia, na roho ikamuuma pale pale alipoizoesha kuuma.

Tuseme ukweli, Fundi alikuwa na wivu. Hakuwa na wivu wa kurusha maneno barazani, alikuwa na ule wa kimyakimya, wa mtu anayepima dirisha la mwenzake kila baada ya miezi minne na kulijua kwa sentimita. Alitolewa shule kidato cha pili ili akae kwenye cherehani ya mama na mdogo aendelee kusoma. Alishona. Nyumba ya zamani ya mama ilipandishwa kuta kwa mashuka na sare alizoshona yeye, na mama alipoiuza, Saba B ikanunuliwa kwa jina la mdogo. "Yeye anahitaji pa kutuliza akili," mama alieleza siku ile, kwa upole kabisa. "Wewe una mikono." Fundi aliitazama mikono yake, akaona ni kweli anayo, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga nyuma ya duka, ambako dirisha lilitazama ukuta wa gereji.

Lakini mikono ile ilikuwa imeweka akiba miaka ishirini na miwili. Siku hiyo, alipokuwa anashuka kwenye ngazi, aliamua kwamba atanunua nyumba, na atainunua humu humu, na itakuwa na jua.

Dalali wa jengo alikuwa mtu mwembamba mwenye funguo nyingi na viatu vilivyong'aa kuliko ofisi yake. Alikuwa na nyumba nne za kuuza: Tatu A, Tano C, Nane B na Kumi na Mbili A. Alimpandisha Fundi zote siku moja, akifungua milango kwa mbwembwe kama mtu anayefunua zawadi.

"Tazama jiko hili, dada yangu. Marumaru mpaka darini."

Fundi hakutazama marumaru. Alifungua bomba akahesabu moyoni mpaka maji yaache kukohoa. Alivuta maji ya choo huku bomba liko wazi, aone kama linakata pumzi. Aligonga kuta kwa kifundo cha kidole. Tatu A ilikuwa juu ya pampu, na sakafu yake ilitetemeka taratibu kama paka anayelala. Tano C ilipakana na lifti, na kila lifti ilipofika ukuta ulisema samahani. Dalali alidai ni sauti tu, mtu huzoea. Kumi na Mbili A ilikuwa nzuri, ila maji yalifika huko yamechoka. Nane B haikuwa na kasoro. Ilikuwa juu kabisa ya sebule ya mdogo wake, dirisha juu ya dirisha.

"Nimeridhika na mabomba," Fundi alisema. "Sasa jua."

"Mwangaza upo wa kutosha."

"Sikuuliza mwangaza."

Akatoa mkobani vipande vinne vya kitambaa cha buluu iliyokoza, kile ambacho mafundi wa mapazia hukiogopa kwa sababu kikionja jua kinapauka kabla hujalipwa. Kila kipande kilikuwa shubiri moja kwa shubiri mbili. Akatundika kimoja katika kila dirisha kwa pini, akakunja kona ya chini na kuibana ili rangi ya asili ibaki humo kama shahidi. Watu huongopa, alimweleza dalali, na madalali ndio wenyewe, lakini kitambaa hakijui kuongopa. Angerudi baada ya wiki mbili.

Dalali alijikuna kisogo. "Wengine huja na mchungaji, wengine huja na shehe, wengine huja na mafundi umeme. Wewe umekuja na matambara."

"Ndiyo kazi yangu."

Wiki mbili hizo Fundi alishona vibaya. Usingizini alikuwa amekaa kwenye kiti, uso umegeukia dirisha, na jua liko miguuni, halafu linapanda magotini, halafu mtu anamwita mwanangu. Alishona pazia jipya la mdogo wake akalitia bitana nyeusi mara mbili, jambo ambalo hakuagizwa. Alijiambia ni kwa ajili ya kulinda rangi. Ilikuwa ni kwa ajili ya kulizuia jua lisiingie, na alilijua hilo vizuri kiasi cha kuona haya mbele ya cherehani yake. Hata hivyo alilipeleka, Jumapili, siku ya mapumziko ya mdogo. Jua lilipita kwenye bitana kama maji kwenye chujio, mdogo akalisifu pazia, na mama akasema, "Fundi ana mikono."

Siku ya kumi na nne alirudi na dalali. Tatu A, buluu ile ile. Tano C, buluu ile ile. Kumi na Mbili A, buluu. Walipofungua Nane B, kipande cha dirishani kilikuwa kimepauka mpaka kuwa karibu cheupe. Fundi akakunjua kona aliyoibana, akaona buluu imelala humo ndani, safi. Akatazama chini, kwenye roshani ya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwonea huruma, maana alielewa mara moja: jua likishuka ghorofa ya saba, lazima lianzie ya nane. Sasa atakaa yeye juu yake.

Akasaini juma lile lile. Akiba ya miaka ishirini na miwili iliondoka kwa karatasi moja, na alirudi nyumbani kwa miguu huku anacheka peke yake.

Alihamia Jumamosi. Jumapili asubuhi aliweka kiti mbele ya dirisha, akavaa gauni safi, akakaa. Nyumba ilikuwa na mwangaza wa kutosha. Ilipofika saa nne alisogea mpaka kwenye kioo, akaliona jua waziwazi. Lilitoka nyuma ya jengo, likakunja kona, likapita mbele ya dirisha lake umbali wa mkono mmoja, kama mgeni anayeujua mlango anaouendea, likaingia Saba B. Alinyoosha mkono nje. Ncha za vidole zikapata joto, kiganja hakikupata. Chini yake mtu alikuwa anacheka, na mama wa Sita B anakung'uta shuka.

Alilingoja siku tatu, akidhani labda jua nalo linahitaji kupewa taarifa ya kuhama. Siku ya nne alimfuata dalali.

"Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema.

Dalali alitoa mkataba, akausoma wote kwa kidole, mstari kwa mstari. "Vyumba viwili, jiko, choo, roshani, sehemu ya gari. Jua halimo, dada yangu. Ningeliandika ningelitoza."

"Kitambaa kilipauka."

"Kilipauka, nilikiona kwa macho yangu." Akafikiri, kwani hakuwa mtu mbaya. "Au ni kwa vile mdogo wako alikuwa akishinda mle. Aliniomba ufunguo. Alisema pana utulivu."

Fundi alishuka ngazi, hakungoja lifti. Mdogo wake alikuwa mezani, amejaa jua mpaka nywele zinaonekana nyekundu.

"Ulikuwa unashinda Nane B?"

"Wiki mbili tu, dada. Nilikuwa na kitabu kizima cha sheria za bandari, na mama hanipi nafasi. Umekula? Umekunywa maji? Mgongo hauumi?" Mdogo alishusha sauti, kwa sababu mama alikuwa jikoni. "Nilibeba kompyuta nikapanda juu. Jua likanifuata, likawa linanichoma macho, nusura nitumie lile tambara lako kuziba dirisha."

"Na huku chini?"

"Huku chini kulikuwa baridi. Mama wa Sita B alininunia, shuka zake zilichukua siku tatu kukauka. Kwani hukuambiwa?"

Hakuambiwa. Yeye alikuwa mtaa wa pili anatia bitana nyeusi kwenye pazia. Alimtazama mdogo wake, ambaye hakuwa na hili wala lile, ambaye hakuwahi kuomba kitu maishani kwa sababu vitu vilimtangulia, na akamchukia kwa takriban dakika moja nzima. Kisha akashindwa kuendelea, maana alimlea mwenyewe, alimfunga vitambaa vya vidonda, alimshonea sare yake ya kwanza na kuizidisha pindo ili aivae miaka mitatu. Chuki ikaondoka. Wivu ulibaki.

Mwezi uliofuata mdogo alialikwa kwenye mkutano wa wafasiri katika nchi nyingine, siku tisa. Fundi akapiga moyo konde.

"Mama, njoo ukae kwangu," alisema. "Hata akirudi, kaa kwangu. Na mimi nina nyumba sasa. Ni zamu yangu."

Alitegemea ubishi. Mama alisema tu, "Sawa, Fundi," akachukua kiti chake upande mmoja, Fundi upande wa pili, wakakipandisha ghorofa moja. Fundi alikuwa amefikia hitimisho jingine: jua lilikuwa linatoka kwa mama. Siku zote lilikuwa pale alipo mama, ukiacha zile wiki mbili za Nane B, na hizo Fundi aliamua kutozihesabu. Akakiweka kiti katikati ya dirisha, mahali alipokuwa amekaa yeye na gauni lake safi, akamweka mama yake hapo, akasimama nyuma akisubiri.

Jua lilikuwa limesafiri na mdogo. Jengo zima lilikuwa na mwangaza. Mzee wa Pili C alipiga hodi Saba B, akakuta pamefungwa, akateremka na magoti yake. Siku ya tatu mdogo alipiga simu, akasema mkutano ni mzuri ila chumba cha hoteli kina joto ajabu, wamembadilishia mara mbili. Mama aliishika simu kwa mikono miwili. "Kunywa maji, mwanangu," alisema. "Usikae karibu na dirisha."

Ilikuwa siku ya tano, saa tisa mchana, Fundi alipoona. Alikuwa sakafuni, amezungukwa na kitambaa, anachora marinda kwa chaki. Mama alikuwa amekula, na kichwa kikaanza kumwinamia kifuani, kwanza kidogo, halafu kabisa. Akasinzia. Mara kukawa na joto kwenye unyayo wa Fundi. Alitazama: jua la kawaida la mchana, la upande wa magharibi, lilikuwa limeingia dirishani likitambaa juu ya kitambaa chake. Alikwenda roshani. Liko Tisa B. Liko Sita B, liko Kumi na Moja B. Madirisha yote ya upande ule yalikuwa nalo, kila moja sehemu yake, kama ilivyo kwenye majengo mengine ya mji. Lilikaa hivyo dakika ishirini na tano. Kisha mama akakoroma, akashtuka, akafungua macho na kusema, "Sijui wamempa chakula gani huko," na jua likatoka vyumbani mwote kwa pamoja, likaenda zake ng'ambo.

Fundi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Mama," alisema. "Mchana kutwa unamuwaza nani?"

"Mdogo wako. Nani mwingine?"

"Na mimi?"

Mama alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama aliyeulizwa habari za ukuta. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo lililouma.

"Wewe?" alisema. "Wewe si upo hapa?"

Fundi alitaka kumwambia mambo mengi. Kidato cha pili, kuta za ile nyumba, jina kwenye hati. Aliyapanga ulimi ukiwa tayari kabisa, na mama akamngoja, kwa sababu alikuwa mama msikivu kwa yeyote aliyezungumza. Lakini ungemwambia nini mtu ambaye hakuficha kitu? Hakuna siku aliyomkana. Alimpenda kama mtu anavyoipenda mikono yake mwenyewe, bila kuitazama. Fundi akaokota chaki yake.

"Nipo, mama," alisema.

Mdogo alirudi na zawadi, kitenge kwa mama na mkasi mzuri wa chuma kwa dada yake. Alipoambiwa mama ameamua kubaki juu, alimkumbatia Fundi kwa furaha isiyo na hila. Sasa alikuwa na nyumba, na kazi, na utulivu, na jua, ambalo lilikwisha kumtangulia na kumsubiri kwenye meza. Mlango wa Saba B ukafunguliwa, shuka zikarudi, magoti yakarudi. Juu, Nane B, mama alikaa dirishani, kichwa amekiinamisha kuelekea sakafuni, akisikiliza.

"Amesogeza kiti," alisema. "Atakuwa amechoka."

Habari za usingizi wa mama zilienea kwenye jengo kupitia kwa mzee wa Pili C, ambaye magoti yake hayakukosea saa. Meneja aliongeza mstari kwenye ratiba ya lifti: saa tisa mpaka tisa na nusu, honi, redio na kupigilia misumari haviruhusiwi, kwa faida ya wakazi wote. Watu waliitii kuliko walivyotii kanuni nyingine yoyote. Saa tisa kasoro dakika tano ungeona roshani za upande wa magharibi zinajaa nguo, mito, viazi vya kukausha, wazee, watu wakitembea kwa ncha za vidole na kuambiana kwa ishara. Mzee wa Kumi na Moja B aliyekuwa na kikohozi aliomba radhi kwa barua. Bei ya nyumba ikapanda kidogo, na dalali akaanza kuandika kwenye mikataba maneno jua la nusu saa, akalitoza.

Meneja alimshauri Fundi, kwa heshima zote, amuulize daktari kama wazee hawawezi kulala zaidi. Fundi alisema hapana. Hakuwa mtu wa kumlaza mama yake kwa vidonge ili apate kupendwa na dirisha. Ila alimpikia mama chakula kizito mchana, hilo alilikubali. Alimwekea mto shingoni na kumfunika miguu, na mama alipouliza kwa nini anamhangaikia hivyo alimjibu kwamba ni mazoea ya kazi.

Mchana mmoja mama alilala kwa saa nzima na dakika kumi, ndefu kuliko siku zote. Fundi aliuweka ule mkasi kwenye kitambaa ili usilie sakafuni, akaburuta stuli taratibu mpaka kando ya kiti, akakaa. Jua lilimfika miguuni, likapanda magotini. Alifumba macho. Aliegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti, karibu na mkono wa mama uliokuwa umelegea kwa usingizi, na mkono ule, bila mwenyewe kujua, ukateleza ukatua kwenye nywele zake. Fundi alibana pumzi asije akautikisa. Jengo zima lilikuwa kimya.

Kisha vidole vikakaza, vikapapasa nywele, vikatambua si nywele vilizozidhania, vikaondoka.

"Fundi," mama aliita, macho bado yamefumba nusu. "Mdogo wako amekula?"

"Amekula, mama," alijibu, ingawa hakuwa na hakika, naye mwenyewe alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi.

Jua lilishuka magotini, likashuka miguuni, likavuka kizingiti cha roshani na kwenda chini ghorofa moja. Fundi akainuka kuwasha taa.